Kofia ya Abiria

Juu ya kabati la vitabu chumbani kwangu ipo kofia ngumu ya pikipiki, nyeupe zamani, ambayo sasa imegeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Upande wake wa kushoto ina ufa wenye urefu wa kidole cha shahada. Wageni wanaonitembelea huidhani ni kumbukumbu ya ujana, nami sikuwahi kuwasahihisha. Wajukuu wameichezea sana, na siku moja kuku alikutwa ndani yake akitaka kutaga. Hivi majuzi mmoja wa wajukuu hao, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi na kila siku hupanda bodaboda kwenda kazini na kurudi, aliniomba nimsindikize mjini akanunue kofia yake mwenyewe ya kuvaa anapopakiwa. Ombi hilo dogo ndilo lililonitia kuandika kurasa hizi, kwa sababu habari za kofia ya abiria nimezijua kwa njia mbili: kwa kusoma, na kwa kukosa.

Nianze na kosa.

Mwaka 1983 nilikuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu huko Nyanda za Juu Kusini. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limetuletea ile kazi kubwa ya elimu ya msingi kwa wote, na walimu wengi walikuwa wamefundwa huko huko vijijini, asubuhi wakifundisha na jioni wakifundishwa. Walimu hao walihitaji kutembelewa na kuongozwa, na sisi wakufunzi ndio tuliotumwa. Barabara zilikuwa za udongo mwekundu, mafuta yalikuwa ya kibali, na gari la chuo lilikuwa juu ya mawe likisubiri vipuri. Ndipo tukapewa pikipiki.

Ofisi iliyotugawia ilitoa kila pikipiki pamoja na kofia ngumu moja. Moja tu. Kiti kilikuwa kirefu, cha watu wawili. Vikanyagio vilikuwa vinne. Aliyeunda pikipiki alimfikiria abiria, ila aliyejaza fomu ya vifaa hakumfikiria. Nami niliyetia saini ya kupokea sikuuliza. Nilihesabu spana, nikahesabu plagi ya akiba, nikaweka saini.

Siku ya Jumamosi moja nilimpakia mama watoto kwenda kumwangalia mama yake aliyekuwa mgonjwa. Alijifunga khanga mbili, akakaa upande, miguu yote kushoto, kwa sababu hivyo ndivyo mwanamke mwenye heshima alivyotakiwa kukaa. Miguuni alivaa ndala. Nilimwambia, "Basi vaa wewe hii kofia." Akanijibu, "Vaa wewe, Mwalimu. Askari anakutazama wewe." Nikavaa. Sikumbembeleza mara ya pili.

Alisema kweli. Mwaka 1973 Bunge letu lilikuwa limepitisha Sheria ya Usalama Barabarani, na katika miaka yote niliyoendesha pikipiki nilisimamishwa mara nyingi nikaulizwa leseni, bima na kofia yangu. Sikumbuki hata mara moja kuulizwa habari za kichwa kilichokuwa nyuma yangu.

Katika kona moja yenye changarawe gurudumu la mbele liliteleza. Hatukuwa tunakwenda mbio, mtu mwenye baiskeli nzuri angeweza kutufuata. Mimi niliangukia kushoto, kichwa kikagonga jiwe, na huo ndio ufa ulioko kwenye kofia. Niliinuka nikajipangusa vumbi. Mwenzangu alirushwa nyuma, akaanguka kwa kisogo. Alikaa hospitali wiki tatu, na siku mbili za mwanzo hakunijua mimi ni nani.

Alipona, na kwa hilo nashukuru. Kilichobaki ni kitu ambacho watu hawakioni: hanusi. Daktari alinieleza kwamba nyuzi nyembamba za neva za pua hupita katika vitundu vidogo vya mfupa ulio juu ya pua, na ubongo ukitikiswa kwa nguvu nyuzi hizo hukatika kama uzi wa kushonea. Zikikatika, aghalabu ndiyo basi. Kwa zaidi ya miaka arobaini sasa mama watoto huniita kutoka jikoni: "Mwalimu, maharage yanaungua?" Nami nanusa, namjibu. Hajui kama maziwa yamechacha mpaka ayaonje. Watoto wetu wawili wa mwisho hakuwahi kuijua harufu yao walipokuwa wachanga. Jambo hilo alilitamka mara moja tu, miaka mingi iliyopita, na hakulirudia.

Nilipostaafu nikapata nafasi ya kusoma nipendavyo, na nilitaka kujua kofia hii ilitoka wapi na ilimkusudia nani. Niliyoyapata hayakuniliwaza sana.

Pikipiki yenyewe ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliunda chombo chao cha magurudumu mawili chenye injini ya petroli huko Ujerumani mwaka 1885. Kofia haikufuata upesi. Waendeshaji wa mwanzo walivaa kofia za kitambaa kuzuia vumbi na baridi, kama mtu anayekwenda kuwinda. Mwaka 1914 daktari mmoja Mwingereza, Eric Gardner, aliyekuwa akiwahudumia wakimbiza pikipiki katika uwanja wa Brooklands, alichoka kuletewa vijana waliopasuka vichwa. Akaagiza itengenezwe kofia ya turubai lililopakwa vanishi mpaka likakauka kama ubao. Wakuu wa mchezo huo waliikataa kwanza, kisha wakaikubali, na mwaka ule ule ikavaliwa katika mashindano ya Kisiwa cha Man. Kwa hiyo kofia ngumu ilianza kama vazi la mshindani, na mshindani hapakizi mtu.

Kisha kuna habari ya T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyepata sifa katika maasi ya Waarabu dhidi ya Waturuki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 13 Mei 1935, karibu na nyumba yake huko Dorset, alikwepa vijana wawili waliokuwa juu ya baiskeli, akarushwa kutoka kwenye pikipiki yake akiwa kichwa wazi. Alifariki siku sita baadaye, umri wake miaka 46. Miongoni mwa madaktari walioitwa alikuwa Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Hakuweza kumwokoa, lakini suala la vichwa vya wapanda pikipiki alilishikilia.

Mwaka 1941, vita vikiendelea, Cairns alichapisha makala katika jarida la madaktari wa Uingereza. Alionyesha kwamba katika miezi 21 ya mwanzo ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa barabarani, na kwamba majeraha ya kichwa ndiyo yaliyoongoza kuua. Waliovaa kofia ngumu ambao yeye mwenyewe aliwaona walikuwa saba tu, na wote saba walikuwa hai. Mwezi Novemba mwaka huo huo jeshi la Uingereza likaamuru kila askari anayeendesha pikipiki kazini avae kofia.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Abiria walikuwa wamehesabiwa pamoja na madereva katika idadi ya wafu, lakini amri ilipotoka ilikuwa ya dereva wa jeshi. Raia wa nchi hiyo hiyo walisubiri hadi Juni 1973 ndipo wakalazimishwa kwa sheria, miaka zaidi ya 30 baada ya daktari kusema. Cairns mwenyewe alikwisha kufariki mwaka 1952. Mimi niliyesomea historia na kuifundisha nilizoea kuwaambia wanachuo kwamba ukitaka kujua jamii inamthamini nani, usisome hotuba zake, soma orodha zake za vifaa. Sikujua kwamba na mimi nimo katika orodha moja kama hiyo, na saini yangu chini.

Jambo jingine nililojifunza ni namna kofia inavyofanya kazi, nami nalieleza kwa kirefu kwa sababu wengi huchaguliwa na rangi badala ya wao kuichagua kofia. Mwaka 1953 Charles Lombard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California walipata hataza ya kofia yenye gamba gumu nje na, ndani yake, tabaka nene linalokubali kubonyea. Darasani ningelieleza hivi. Chukua yai, litie ndani ya kopo la bati, uliangushe kopo sakafuni. Kopo zima, yai limepasuka. Sasa zungushia yai ule weupe mgumu kama povu lililoganda, ule unaokuja ndani ya maboksi ya redio na televisheni, uliangushe tena. Safari hii weupe umebonyea, yai limesalimika. Gamba la nje huzuia jiwe lisipenye na hutawanya pigo, lakini anayeokoa ubongo ni yule weupe wa ndani, ambaye hukubali kuharibika ili wewe usiharibike. Ndiyo maana kofia iliyokwisha kupata ajali haifai kuvaliwa tena hata kama kwa nje haina alama. Povu likishabonyea halirudi. Ile yangu ya kabatini ni ya kuku tu.

Faida yake si ya kubahatisha. Mwaka 2008 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 61 za nchi mbalimbali: kofia hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa katika ajali kwa asilimia 42 hivi, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Mwenye kufundisha hesabu ajaribu kuzigeuza asilimia hizo ziwe watu wa kijiji chake.

Kwetu mambo yalikwenda mbio kuliko kofia. Neno bodaboda lilizaliwa mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, ambako wenye baiskeli walivusha watu kutoka kituo cha mpaka hadi kingine. Pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipoingia kwa wingi katika miaka ya 2000, neno likahama kutoka baiskeli hadi pikipiki. Hapa Tanzania zilitoka kanuni za leseni za kusafirisha abiria kwa pikipiki na bajaji mwaka 2010. Kazi ikawa kazi, vijana wakapata riziki, na mama mjamzito wa kijiji ambacho gari haliendi akapata cha kumfikisha zahanati. Siwezi kuilaani bodaboda. Lakini tazama kituo chochote jioni: dereva ana kofia, mara nyingi ameitundika kwenye kioo cha pembeni, abiria kichwa wazi, na wakipakia mshikaki, vichwa viwili au vitatu viko wazi nyuma ya kofia moja. Kile kilichokuwa aibu yangu ya mwaka 1983 sasa ni desturi ya nchi nzima.

Hata hivyo desturi hubadilika. Mwaka 2012 nilikwenda Kigali kumtembelea rafiki wa zamani. Nilisimamisha pikipiki, na kabla hatujakubaliana nauli kijana alikuwa amekwisha kunipa kofia ya pili mkononi. Nilisita. Yeye hakusema neno, alizima injini akanisubiri. Nikavaa. Sema kofia yenyewe ilinicheza kichwani kama sufuria juu ya figa mbovu, na mkanda wake ulifika kifuani. Kichwa kilichofunikwa hivyo kimefunikwa kwa ajili ya askari, si kwa ajili ya jiwe. Huko Kampala, kampuni ya SafeBoda iliyoanza mwaka 2014 nayo iliwapa madereva wake kofia ya pili ya abiria. Vietnam ndiyo iliyonishangaza zaidi: tarehe 15 Desemba 2007 kofia ikawa lazima kwa dereva na abiria katika barabara zote, na wavaaji waliokuwa kiasi cha asilimia 30 wakapanda kupita 90 kwa muda mfupi. Watoto ndio waliosahauliwa, maana wazazi wengi waliamini kofia itawaumiza shingo. Na Delhi, wanawake walisamehewa kofia kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2014 walipobakishiwa msamaha huo wanawake wa Kalasinga peke yao. Mwanamke huko mara nyingi ndiye anayekaa nyuma, na akikaa na sari yake hukaa upande. Niliposoma hayo niliziona khanga mbili na ndala.

Basi nikaenda mjini na mjukuu wangu. Kabla ya kuondoka nilichukua futi ya fundi cherehani nikampima kichwa, juu kidogo ya nyusi na kupita kwenye kisogo kilipotokeza. Alicheka. "Babu, unanishonea gauni la kichwa?" Nikamwambia anyamaze, mwalimu anapima. Siku hiyo alikuwa amesuka twende kilioni, nywele zimelala. Nilimwuliza mwezi ujao atasuka nini, akasema rasta, labda za kubana juu. Nikamweleza kwamba kofia inayokaa vizuri juu ya twende kilioni haitaingia juu ya kibanio cha rasta, na achague leo kama atanunua kofia au atanunua nywele. Akanuna kidogo, kisha akasema rasta atazifunga chini, shingoni.

Duka la kwanza kijana muuzaji alitoa shikamoo nzuri, nikaitikia, akaleta kofia nyepesi ya kung'aa yenye michoro ya moto. "Hii orijino, mzee." Nikaingiza kidole gumba ndani. Kulikuwa na kitambaa na sponji laini ya unene wa chapati, na nyuma ya sponji plastiki tupu. Hakukuwa na povu gumu. Hilo ni lile kopo la bati bila kitu. Nikamrudishia kwa adabu.

Duka la pili zilikuwapo zenye povu gumu, unene wa kidole gumba na zaidi, na ndani ya mkanda kuna kibandiko chenye herufi E ndani ya duara na nambari pembeni, alama ya kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 22. Kibandiko huweza kughushiwa, kwa hiyo nilikiheshimu bila kukisujudia. Alijaribu tatu. Ya kwanza ilimzunguka alipotikisa kichwa. Ya pili ilimbana mpaka akaona maumivu ya paji. Ya tatu ilikaa: nilipoisogeza kwa mikono miwili, ngozi ya paji lake ilikwenda nayo. Nikafunga mkanda, kidole kimoja tu kikipita kati ya mkanda na koo, kisha nikasimama nyuma yake nikajaribu kuivua kwa kuisukuma kwenda mbele. Wenye duka walitukodolea macho. Haikuvuka. Hapo ndipo nilipoijua kofia ya kununua.

Alitaka ile iliyo wazi usoni kwa sababu ya joto. Nilimchagulia inayofunika kidevu, maana meno na taya navyo ni vyake, nikakubali ushauri wake wa kuchukua iliyo nyepesi kati ya mbili. Kwa abiria uzito si jambo dogo. Dereva akifunga breki ghafla, kichwa cha nyuma hugonga cha mbele, na shingo ya abiria, asiyejua breki inakuja lini, hupata adhabu mara mbili. Kioo tulichukua cheupe, si cheusi, kwa kuwa hurudi nyumbani jua likiwa limezama.

Fedha iliyobaki tuliigawa. Viatu vya kufunika vifundo, badala ya vile vya wazi. Suruali nzito ya jinzi ya kuvaa chini ya gauni, aivue akifika shuleni. Bomba la moshi liko mguu wa kulia, na ndama za wanawake wa mji huu zina makovu ya duara yanayosimulia hivyo. Kizibao cha kuakisi mwanga. Jaketi la ngozi lilikuwapo, zuri, bei yake ikatushinda, tukachukua la turubai nene. Sikuona haya. Ngozi ya mkono huota tena. Nilimpa pia vitambaa viwili vya pamba vya kuvaa chini ya kofia, avifue kwa zamu. Na kukaa upande nilimkataza. Alinitazama kana kwamba nimesema jambo la karne nyingine. Yeye na wenzake hawakai upande siku hizi, wengi wao.

Tulirudi na boda mbili, yeye mbele na kofia mpya, mimi nyuma nimevaa ya kuazima kutoka kwa mwenye duka, ambaye alikubali baada ya kumwachia kitambulisho changu. Dereva wangu alicheka akaniuliza, "Mzee, unaogopa kufa?" Nikamwambia aendeshe.

Nyumbani mama watoto aliichukua kofia akaigeuzageuza, akabonyeza povu kwa kidole, akavuta mkanda. Mjukuu akamvisha. Akakaa nayo pale kwenye mkeka, mikono mapajani, kimya, mpaka nikadhani imembana. Kisha akaivua, akaisogeza puani kama mtu anayenusa embe, mazoea tu, akanipa.

"Inanukaje, Mwalimu?"

Nikanusa. Nikamwambia inanuka gundi, na plastiki mpya, na kidogo mafuta ya nazi ya nywele za mtoto.